Wakili wa Ajali Kwenye Bunge la Kaunti

Kuna mwaka ambao makarani wa mawakili wa ajali mjini Mombasa wanaukumbuka kama wakulima wanavyokumbuka mwaka wa njaa: 2004. Februari ya mwaka huo John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, alianza kutekeleza kanuni zake za magari ya abiria. Kila matatu ifungwe kidhibiti mwendo isipite kilomita 80 kwa saa. Kila kiti kiwe na mkanda. Dereva na makanga wavae sare, na gari lichorwe mstari wa manjano ubavuni. Wenye magari waligoma, abiria wakapiga miguu wakilaani, halafu matatu zikarudi barabarani zikiwa zimeshika adabu. Haikupita miezi mingi mbao za meza yangu zikaanza kuonekana. Faili mpya hazikuwa zikija. Karani wangu, mzee aliyeanza kazi hiyo wakati mimi niko shule ya msingi, aliingia na barua za siku hiyo, chache mno, akaziweka mezani na kusema, "Wakili, huyu Michuki atatufungisha duka."

Alikuwa anatania, lakini macho yake hayakuwa yanacheka. Mimi nilicheka, kisha nikabaki na jambo lenyewe kichwani. Kwa miaka yote niliyosimama mahakamani nilikuwa nikiwatafutia watu fidia ya mifupa iliyokwisha vunjika. Waziri yule, ambaye siasa zake nyingi sikuzipenda, alikuwa ameiacha mifupa mingi mahali pake kwa tangazo moja tu la Serikali. Kanuni zilikuja kulegea baadaye, mikanda ikakatika, vidhibiti mwendo vikachezewa na mafundi, na faili zikarudi kama kawaida. Fikira ile haikurudi ilikotoka. Ndiyo iliyonitia katika siasa, ingawa ilingoja mpaka Katiba ya 2010 ilipotuletea kaunti 47 na wadi 1,450, na mtu wa kawaida akaweza kusema juu ya barabara ya kwao bila kupanda basi la Nairobi.

Kazi ya wakili wa ajali watu huielewa nusunusu. Wanamfikiria mtu mwenye tai anayekimbizana na ambulansi. Wapo. Huku Pwani tuna mabroka wanaojua ajali imetokea kabla ya jamaa za majeruhi kupigiwa simu, na wanajua pia nesi gani yuko zamu usiku huo. Kanuni za mawakili zinakataza kuwinda wateja kwa njia hiyo, na Sheria ya Mawakili haiutambui mkataba wa wakili kulipwa pale tu kesi inaposhinda. Lakini mteja wetu ni kuli wa bandarini, ni mama wa mboga, ni kijana wa bodaboda. Hana ada ya kufungulia kesi wala pesa za daktari wa kuandika ripoti. Basi wakili hutoa mfukoni mwake na kusubiri. Hapo ndipo lawama zote huanzia, kwa sababu siku hundi inapotoka mteja amekwisha sahau nani alilipa nini, na mawakili wengine nao wamekwisha jikatia kuliko walichotoa. Nimewatetea mawakili katika jambo hili, na nimewakemea vilevile.

Kesi huanza na karatasi mbili. Ya kwanza ni abstrakti ya polisi, inayosema ajali ilitokea wapi, siku gani, na gari lina bima ya nani. Ya pili ni fomu ya P3, ambayo daktari hujaza majeraha. Muda wa kushtaki ni miaka mitatu tangu siku ya ajali. Ukiidai Serikali ni mwaka mmoja, na wengi hulijua hilo mwezi wa kumi na tatu. Sura ya 405 ya Sheria za Kenya inamlazimisha kila mwenye gari kukata bima ya kumkinga mtu baki, na kampuni ya bima ni lazima iarifiwe mapema, la sivyo itapata mlango wa kutokea. Ukishinda na kampuni isilipe, unafungua kesi ya pili, safari hii dhidi ya kampuni yenyewe, ili mahakama itamke kwamba hukumu ile ya kwanza ni deni lake. Kesi juu ya kesi. Na kampuni hailazimiki kumlipa mdai mmoja zaidi ya shilingi milioni 3. Kinachozidi hapo mtafute mwenye gari, na mwenye gari mara nyingi amebaki na chuma chakavu kilichoota majani uani mwa kituo cha polisi.

Kifo kina hesabu yake. Kwa desturi ya mahakama zetu, maisha yaliyokatizwa hupewa shilingi 100,000, na marehemu akiwa alikata roho papo hapo, 10,000 hivi kwa maumivu. Fungu kubwa ni la waliomtegemea: kipato cha mwezi, mara miezi 12, mara miaka ambayo angeendelea kufanya kazi, kisha theluthi mbili yake kama alikuwa na familia. Sheria inawatambua mke, mume, wazazi na watoto. Mdogo wake marehemu aliyekuwa akisomeshwa naye hayumo.

Mama mmoja aliyekuwa akiuza viazi karai karibu na steji aligongwa na trela akivuka barabara jioni. Mume alikuwa amefariki zamani, kwa hiyo shahidi wetu alikuwa binti wa kwanza, ambaye alikuwa ametoka tu kuchukua kitambulisho. Alisema mama alikuwa akirudi nyumbani na shilingi mia nane, siku nzuri elfu moja. Wakili wa upande wa pili, mtu ninayemheshimu na ambaye asubuhi ile tulikuwa tumekunywa chai pamoja, akainuka.

"Una risiti yoyote ya hizo mia nane?"

"Ya nini?"

"Ya mauzo."

Binti akamtazama, akanitazama mimi, kisha akamgeukia hakimu. "Mheshimiwa, mtu akila kiazi haulizi risiti."

Mahakama nzima ilicheka, hakimu naye. Akayaandika maneno hayo kwa mkono, kama mahakimu walivyokuwa wakiandika ushahidi wote siku zile, sote tukiingojea kalamu. Lakini katika hukumu alitumia mshahara wa chini wa mfanyakazi asiye na ujuzi. Nilikata rufaa. Mkononi nilikuwa na uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa mwaka wa 2005, katika shauri la fundi seremala, uliosema kwamba kuwataka watu wasiotunza vitabu vya hesabu walete nyaraka ni kuwadhulumu Wakenya wengi wanaojipatia riziki kwa njia mbalimbali. Kiwango kikapanda. Pesa zilifika mwaka wa tano tangu mazishi. Wakati huo kitinda mimba alikuwa ameacha shule na kuwa makanga, na yule binti alikuwa ameolewa.

Siku ya mazishi, diwani wa enzi hiyo alikuwa amefika na jeneza, magunia ya mchele na sahani za kukodi. Hakuwa na habari ya Sura ya 405. Alizungumza dakika chache, akatoa bahasha, akaondoka kwenda msiba mwingine. Kijijini kwao mpaka leo ukitaja kifo cha mama yule utasikia, "Diwani alisimama nasi." Mimi niliyewaletea zaidi ya milioni moja, jina langu linatajwa kwa kusitasita, na baada yake mtu huuliza nilibaki na kiasi gani. Sikuudhika sana. Mazishi ni Jumamosi hii, na hukumu ni mwaka wa tano. Maskini anaishi Jumamosi hadi Jumamosi.

Hilo nililijua kwa akili kabla ya uchaguzi wa Machi 2013. Kwa mwili nililijua siku ya kuhesabu kura. Niligombea uwakilishi wa wadi yetu, ambayo barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi inaipasua katikati, na kampeni yangu ilikuwa orodha ya haki nilizopigania. Wapinzani hawakuhangaika nayo. Walisema tu kwamba nyumba yangu nimeijenga kwa pesa za maiti. Mzee mmoja ambaye kesi ya mwanawe niliishinda alinishika mkono baada ya mkutano, akanivuta pembeni. "Mwanangu," akasema, "wewe ni mtu mzuri, hakuna asiyejua. Lakini wewe tunakuona mtu akishakufa." Nilishika nafasi ya tatu.

Miaka minne iliyofuata nilikaa chini ya mwembe karibu na steji kila Jumamosi asubuhi, na meza ya plastiki. Wengi waliokuja walikuwa vijana wa bodaboda. Serikali ilikuwa imeondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo mwaka wa 2008, na tangu hapo kila kijana aliyeuza mbuzi wawili na kukopa kidogo alikuwa na pikipiki. Leseni na bima vilikuja baadaye au havikuja kabisa. Tuliandika barua, tukajaza fomu, tukasoma kwa sauti yale maandishi madogo nyuma ya stika za bima. Hakukuwa na harambee wala bahasha. Mwaka wa 2017 nilichaguliwa, na nadhani mwembe ulichangia kuliko sera zangu zote.

Jambo la kwanza linalomkuta wakili bungeni ni kwamba barabara ina wenyewe, na mwenyewe si wewe. Jedwali la Nne la Katiba linaipa kaunti barabara za kaunti, taa za mitaani, maegesho na mambo ya trafiki. Barabara kuu ni ya Serikali ya kitaifa, chini ya KeNHA, Mamlaka ya Barabara Kuu. Basi palepale ambapo watu wangu walikuwa wakigongwa, mimi sikuweza hata kuweka tuta. Wananchi waliweza. Mtoto wa shule akigongwa, huchoma matairi mchana, na usiku hubeba udongo na mawe wakajenga tuta lao wenyewe. Asubuhi dereva asiyelijua hulirukia kwa kasi na tela lake, na kesi nyingine imezaliwa. Nimewahi kumtetea mtu aliyeumizwa na tuta lililojengwa kwa uchungu wa ajali iliyotangulia.

Karani wangu ndiye aliyenionyesha nilichokuwa nacho mkononi. Tangu miaka ya themanini alikuwa akiandika kila kesi katika daftari kubwa jeusi: jina, tarehe, nambari ya gari, na safu nyembamba ya mwisho, mahali pa ajali, kama palivyoandikwa kwenye abstrakti. Hakuna aliyewahi kuisoma safu ile tangu juu hadi chini. Siku moja alivaa miwani akaanza kunisomea ya wadi yetu. "Mbele ya kituo cha petroli. Daraja la mto. Mbele ya kituo cha petroli. Mbele ya kituo cha petroli. Kwenye mzani. Mbele ya kituo cha petroli." Mara ya nne akanyamaza na kuinua macho. Tukazitoa faili na kutazama saa. Karibu zote zilikuwa kati ya magharibi na saa tatu usiku, na karibu wote waliogongwa walikuwa wametoka kushuka matatu upande wa pili, wakavuka kurudi nyumbani. Kila mwaka zaidi ya watu 4,000 hufa katika barabara za Kenya, na waendao kwa miguu ndio wengi kuliko kundi jingine lolote. Idadi za namna hiyo nilikuwa nimezisoma mara nyingi magazetini. Daftari ndilo lililoniambia wanasimama wapi.

Taa ni kazi ya kaunti. Zile nguzo ndefu zenye taa kubwa juu, ambazo watu waliziita mulika mwizi, kila mwakilishi anazipenda kwa sababu zinaonekana kutoka mbali na hazihitaji maelezo. Fungu la wadi lilikuwa la nguzo moja mwaka huo. Wafanyabiashara wa soko waliitaka sokoni. Imamu na mchungaji, ambao hawakuwahi kukubaliana juu ya lolote, walikubaliana ikae kati ya msikiti na kanisa. Mimi nikasema iende mbele ya kituo cha petroli, mita chache nje ya hifadhi ya barabara ili mtu asije akatuambia tuing'oe.

Mkutano ulikuwa mkali. Mama mmoja muuza samaki alisimama akasema, "Mheshimiwa, kituo cha petroli kina taa zake. Yule tajiri wewe unamwekea taa ya nini?" Umati ukapiga makofi. Nilitoa daftari. Sikusoma majina, nilisoma tarehe na mahali tu. Kabla sijamaliza ukurasa watu walianza kujaza majina wenyewe. "Huyo ni wa kina Fulani." "Huyo ni yule mwalimu." Yule mama wa samaki alikaa chini, mmoja wa hao alikuwa wifi yake. Nguzo ilikwenda nilikotaka. Sitadai kwamba ajali zilikoma. Daftari la ofisi yetu haliandiki ambaye hakugongwa, na kwenye sanduku la kura hakuna ajali ambayo haikutokea. Kura za soko nilizipoteza palepale, na nazijua mpaka kwa vibanda.

Ndani ya bunge lenyewe ufundi wa mahakamani unaweza kumwangusha mtu. Tulikuwa na mwanasheria mwenzetu aliyewahoji maofisa wa kaunti kama mashahidi wa upande wa pili. Alikuwa stadi, na jukwaa la wageni lilimpenda. Siku moja alimminya mhandisi wa barabara mpaka mtu wa watu akakosa pa kuweka mikono. Mfereji wa maji ya mvua aliokuwa akiudai kwa ajili ya wadi yake haukuchimbwa muhula mzima. Kila mara karatasi zake zilikuwa zinasubiri sahihi ya mtu aliye likizo. Mahakamani shahidi ukimmaliza anakwenda zake, na hakimu lazima aandike sababu za uamuzi wake ili wa juu yake azipime. Bungeni shahidi huyohuyo ndiye atakayekujengea, na uamuzi hufanyika kwa kupaza sauti, "ndiyo" na "la", juu ya jambo ambalo wajumbe walikwisha kulimaliza kwenye chai. Kwa hiyo nilijifunza kwenda kwenye chai.

Kulikuwa na deni pia. Kaunti ilikuwa na orodha ndefu ya watu wanaoidai, na katika orodha hiyo kulikuwa na mteja wangu wa zamani aliyegongwa na lori la taka. Hukumu tulikuwa tumeipata. Lakini sheria hairuhusu dalali wa mahakama kwenda kukamata viti na magari ya Serikali kama anavyomfanyia mtu binafsi. Mwenye hukumu anapewa cheti, akipeleke kwa mhasibu, angoje. Siku orodha ilipoletwa bungeni nilisimama nikatangaza maslahi yangu kama kanuni zinavyotaka, nikatoka nje. Wenzangu wawili walinifuata hadi varandani wakidhani nimekasirika. Walipojua sababu, mmoja aliniuliza, kwa upole wa kweli, kama basi nilichaguliwa ili kufanya nini. Mteja wangu aliwekwa mwaka wa bajeti uliofuata. Aliponiuliza kwa nini sikumsemea nilimweleza, na hakuelewa, na sidhani mimi katika nafasi yake ningeelewa. Bado naamini nilipaswa kutoka.

Lakini lililonipima kuliko yote ni malori. Reli mpya ya kutoka Mombasa hadi Nairobi ilizinduliwa kwa abiria tarehe 31 Mei 2017, na mizigo ikafuata mwanzoni mwa 2018. Mwaka wa 2019 ikaja amri kwamba mizigo yote inayokwenda Nairobi na ng'ambo ya hapo ipakiwe kwenye treni. Kama huijui miji midogo ya barabara ile, fikiria kila kitu unachokiona ukipita: hoteli za ugali na nyama choma, magesti, mafundi wa matairi, vijana wa kuosha magari, akina mama wa mahamri ya alfajiri. Wote hao wanaishi kwa dereva wa lori kuamua kusimama. Mwaka ule malori yalipungua na taa za magesti zikaanza kuzimwa mapema. Ujumbe uliokuja ofisini kwangu uliongozwa na mama mwenye hoteli, mtu mzima, aliyenisomesha kidogo nilipokuwa mwanafunzi kwa kunipa chakula cha deni. Hakukaa. "Mwanangu, malori yamepotea," akasema. "Tufanyeje?"

Kabatini, hatua tatu kutoka aliposimama, kulikuwa na faili za waliouawa na malori hayohayo. Nazijua jinsi zinavyofanana. Trela linaharibika usiku kwenye mteremko, dereva hana pembetatu ya kuakisi mwanga, anakata matawi mabichi anayatandaza juu ya lami kama onyo. Saa mbili baadaye matatu inafika, matawi yamekwisha kutawanywa na upepo, na inaingia chini ya tela hadi kiti cha tatu. Huyo dereva wa lori naye hufungwa au hukimbia, na mwenye lori hudai kwamba gari liliuzwa mwezi uliotangulia. Kama ningekuwa wakili tu, ningeiombea ile treni maisha marefu.

Nilikwenda Mombasa kwenye maandamano ya Jumatatu ya kuipinga amri ile, pamoja na mama wa hoteli na watu wake, nikapiga kelele malori yarudi. Rafiki yangu mmoja daktari wa mifupa aliniona kwenye televisheni, akanipigia simu akicheka kwa uchungu. "Sasa unatafuta wateja?" Nilimwambia kwamba njaa nayo inavunja mifupa, ila polepole na bila abstrakti. Nalisimamia jibu hilo mpaka leo. Mtu hawezi kuwaambia majirani zake wafe kwa kukosa riziki ili takwimu za ajali zipendeze. Lakini katika kelele zile nilipenyeza ombi langu: malori yakirudi, yapate mahali pa kulala. Tulipata kipande cha ardhi ya kaunti nyuma ya hoteli, tukamwaga kifusi, tukaweka choo na mlinzi, ili trela lisiegeshwe tena ukingoni mwa lami. Wenye hoteli waliupenda uwanja huo kuliko hotuba zangu zote za usalama, kwa sababu dereva aliyeegesha vizuri hula vizuri. Sikuwa nimelipanga hivyo, ila nililipokea.

Agosti 2022 nilishindwa. Alinishinda kijana mchapakazi ambaye mwaka mzima kabla ya uchaguzi alikuwa amenunua gari la kubebea maiti na mahema mawili, na kuyatoa bure kwa kila msiba. Sina neno juu yake. Jumamosi alikuwa ameielewa kuliko mimi. Mwezi uliofuata Rais mpya alitangaza kurudisha shughuli za mizigo Mombasa, na haukupita muda barabara ilinguruma kama zamani.

Nimerudi ofisini, na kazi imebadilika. Mahakama za madai madogo, zilizoanzia Milimani Aprili 2021, sasa zinasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, yakiwemo ya majeraha, na sheria inataka yaishe ndani ya siku 60. Mdai anaweza kujisimamia mwenyewe. Mawakili wenzangu wengi wanalalamika kwamba zinatunyang'anya mkate. Mimi nawapeleka wateja huko kwa miguu yao, maana namkumbuka yule binti wa mama wa viazi, aliyelipwa mdogo wake akiwa amekwisha acha shule.

Daftari limefika la tatu. Karani amestaafu, lakini huja siku za Ijumaa kuhakiki kwamba safu ya mwisho inajazwa ipasavyo. Mwaka jana alikuwepo yule kijana mwakilishi alipokuja, bila msafara, akiomba kurasa za wadi yetu. Kamati yao ilikuwa inagawa taa, na alikuwa amesikia habari ya lile daftari kutoka kwa mama wa samaki. Tulimnakilia kila kitu. Karani alimwonyesha penye daraja la mto, ambako sasa ndiko wanakogongwa watu wengi tangu bodaboda zihamie huko. Kijana alipokuwa akiaga aliniuliza kama anaweza kusema bungeni kwamba takwimu hizi ni zangu, maana kwake ilionekana ni haki.

Nikamwambia aseme ni za polisi. Za wakili wa ajali hazitampatia hata nguzo ya taa.